Unapohamisha mabua kutoka chupa ya maabara kwenda kwenye tangi kubwa

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kutayarisha mabua ya mahindi kwa asidi ya salfuriki katika tangi la lita 200, ili yatoe sukari ya kuchachushwa kuwa ethanoli, yaani pombe, nilichukua vipimo vya chupa ya lita 1, nikavizidisha mara 200, kisha nikasubiri sukari ileile. Tulipofungua tangi tulikuta mabua ya pembeni yameungua na kuwa meusi, ilhali ya katikati yalikuwa bado na rangi yake ya manjano. Wastani wa joto tuliouandika ulikuwa sahihi kabisa, na tangu siku hiyo siuamini wastani.

Tangi linapokuzwa, ujazo wake huongezeka haraka kuliko eneo la ukuta wake, kwa hiyo ukuta unaotosha kupasha moto chupa hautoshi tena. Isitoshe, maabara hutumia mabua machache yanayoelea majini, pengine asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote, lakini kiwanda kinahitaji asilimia 20 au zaidi, kwa kuwa ethanoli ikitoka chini ya takriban asilimia 4, nishati ya kuikeneka hula faida yote. Katika kiwango hicho mabua hunyonya maji yote, na kikorogeo hakina cha kukoroga. Nashauri uyaloweke kwanza katika asidi baridi, uyakamue, ndipo upitishe mvuke moja kwa moja ndani yake, ukikumbuka kwamba mvuke huo hugeuka maji na kuizimua asidi.

Usitegemee kiasi cha asidi ulichomimina. Madini yaliyomo kwenye mabua, na udongo ulioshikamana nayo, hupunguza nguvu yake, kwa hiyo pima pH (kipimo cha nguvu ya asidi) ya mchanganyiko wenyewe, na upime tena kila shehena mpya inapoingia.

Jambo lililonigharimu zaidi ni muda. Chupa hupoa upesi ikitumbukizwa kwenye barafu, lakini tangi huendelea kupika wakati unadhani umemaliza, na sukari ya hemiselulosi, sehemu ya mabua inayovunjika kwa urahisi, hugeuka furfurali, kemikali inayodhoofisha hamira ya kuchachusha. Kanuni ya Overend na Chornet ya mwaka 1987 huunganisha joto na muda katika namba moja, na kwa kanuni hiyo kila nyuzi 10 hivi za Selsiasi zinazoongezeka hukaribia kuzidisha maradufu ukali wa upikaji. Haihesabu asidi, lakini itumie hata hivyo, tena kwa safari nzima ya kupanda na kushuka kwa joto, si kwa dakika za katikati peke yake.

Kuhusu vyombo nitasema machache: asidi ya moto hula hata chuma cha pua cha kawaida, na mchanga husaga skrubu ya kulishia, ile inayosukuma mabua ndani ya tangi. Ukiondoa ukali wa asidi kwa chokaa utapata jasi, ambayo hujijenga ndani ya mabomba. Kabla ya kuagiza tangi, ning'iniza vipande vya metali unazozifikiria ndani ya mchanganyiko halisi, katika joto halisi, kwa wiki kadhaa, kisha uvipime uzito.