Nimeendesha kilomita 120 nikarudi na kilo moja zaidi: niongeze mazoezi ya kukimbia?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha sekondari hapa Moshi, nina miaka 31. Kilimanjaro Marathon nimeikimbia mara mbili, muda wangu bora ni saa 3 na dakika 41. Sasa nimejiandikisha triathloni ya umbali mrefu kule Gqeberha, Afrika Kusini: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha kukimbia 42.2. Zimebaki wiki 14. Jumamosi iliyopita niliendesha baiskeli hadi Mwanga na kurudi, nikamalizia na barabara ya kiwanda cha sukari cha TPC, jumla kilomita 120 kwa saa 4 na dakika 10. Nilipoanza kukimbia, kilomita ya nne miguu ikagoma, tumbo limejaa maji yanacheza, nikatapika kando ya barabara. Njiani nilikunywa lita 6 za maji ya dukani, nikala ndizi tatu na pakiti ndogo ya biskuti. Saa yangu ya mkononi inaonyesha mapigo ya moyo kwenye baiskeli yalikuwa wastani wa 158. Nikikimbia marathoni huwa 162. Angalau maji hayakunipungua, maana nilijipima: kabla ya kutoka kilo 68, baada ya kurudi kilo 69. Wenzangu wanasema niongeze kukimbia, na mmoja amenishauri nimeze kidonge cha maumivu kabla. Niongeze kilomita ngapi kwa wiki? Na Kilimanjaro Marathon ya mwaka huu niikimbie?

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Usiongeze hata kilomita moja. Mtu anayemaliza marathoni yetu kwa saa 3 na dakika 41, pamoja na kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka, miguu ya kukimbia anayo. Kilichokuangusha kilitokea ukiwa bado juu ya baiskeli, na ushahidi wote umeuandika mwenyewe.

Nianze na ile sentensi uliyoiandika kwa kujifariji, kwamba ulirudi na kilo 69. Niliposoma hapo nilishtuka. Mtu aliyefanya kazi ngumu kwa saa 5 kwenye joto la Mwanga anatakiwa arudi mwepesi kidogo, kilo moja au moja na nusu kwa mwili wa kilo 68. Sehemu ya upungufu huo si kiu, ni wanga uliochomwa pamoja na maji yaliyokuwa yamehifadhiwa nao kwenye misuli. Wewe umerudi mzito, tena baada ya kutapika. Maana yake uliingiza maji mengi kuliko mwili ulivyoweza kuyatoa, na yalikuwa maji matupu yasiyo na chumvi.

Hebu tupige hesabu. Uliingiza kilo 6 za maji na karibu nusu kilo ya chakula, ukaongezeka kilo moja. Kwa hiyo kilichotoka, jasho, mkojo na matapishi kwa pamoja, ni kama kilo tano na nusu kwa karibu saa tano. Jasho lako basi halifiki lita moja na robo kwa saa, na ukitoa mkojo na matapishi linashuka chini ya lita moja. Wewe ulikuwa unakunywa karibu lita moja na nusu kila saa. Yaliyozidi yamekaa wapi? Mengine tumboni, ndiyo hayo yaliyokuwa yanacheza, na mengine yameingia kwenye damu yakaanza kuizimua.

Sodiamu ya damu kwa kawaida ni kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Ikishuka chini ya hapo kwa haraka, maji yanahamia ndani ya seli na seli zinavimba, zikiwemo za ubongo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa namwandaa dada mmoja kwa mbio ndefu. Siku ya zoezi la saa sita alimaliza analalamika kichwa, na nilipomshika mkono nikaona pete ya ndoa imezama kwenye kidole kama uzi uliofungwa kwenye soseji. Asubuhi pete hiyo ilikuwa imelegea, inazunguka kidoleni. Wenzake walikuwa wanammiminia maji, wakisema ameishiwa. Akaanza kujibu maswali hovyo. Tulipofika hospitali, mtu wa kwanza aliyetupokea alitaka kumtundikia dripu kwa kuamini amekaukiwa, na mimi nikasimama pale nikaomba wapime sodiamu kwanza. Ilikuwa imeshuka sana. Alipona, lakini tangu siku hiyo simruhusu mwanamichezo wangu aende zoezi refu bila kujipima uzito kabla na baada. Kwa hiyo kwa kujipima nakupongeza. Tatizo lilikuwa tafsiri.

Ukiona vidole vimevimba, kichwa kinauma, unatapika au unachanganyikiwa, na umekuwa ukinywa mfululizo, acha maji na utafute msaada. Mwambie wazi atakayekupokea: "Nimekunywa maji mengi sana." Na hapa hapa nijibu la kidonge: usimeze. Diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo wakati figo zenyewe zimeshabanwa na joto na jasho, na zinaufanya mwili ushindwe kutoa maji yaliyozidi. Katika hali uliyokuwa nayo Jumamosi, kidonge hicho kingeongeza hatari.

Sasa tuje kwenye chakula. Ndizi tatu za kawaida zina wanga kama gramu 75. Pakiti ndogo ya biskuti tuseme 35. Jumla gramu 110 kwa saa nne na zaidi, yaani kama gramu 26 kwa saa. Kwa umbali uliouchagua unahitaji 60 kwa saa, na wenye matumbo yaliyozoea wanafika 90. Akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini ni kama gramu 400 hadi 500 tu, haifiki mwisho wa kilomita 180, na marathoni nzima bado inakusubiri.

Huhitaji kununua vile vipakiti vya bei mbaya kutoka nje. Sukari ya mezani, hii inayotengenezwa hapo TPC unapopita na baiskeli, nusu yake ni glukosi na nusu ni fruktosi. Utumbo una mlango mmoja wa kupitisha glukosi, unaojaa kwenye gramu 60 hivi kwa saa, na mlango mwingine wa fruktosi, ndiyo maana mchanganyiko wa hizo mbili unapita vizuri kuliko glukosi peke yake. Chukua chupa ya baiskeli ya mililita 750. Weka vijiko vitano vya chakula vya sukari, vya usawa, visiwe vya mlima. Hapo una gramu 60. Weka robo kijiko cha chai cha chumvi, kamulia ndimu moja, jaza maji, tikisa mpaka usione chembe chini. Chupa hiyo moja ni saa yako moja: wanga gramu 60, sodiamu karibu miligramu 600, na maji yanayolingana na jasho lako tulilokadiria. Kama una mzani wa jikoni, pima sukari mara ya kwanza, maana vijiko vya nyumba kwa nyumba havifanani.

Wengi hapa hutumia ORS ya duka la dawa. Chumvi yake ni nzuri, lakini pakiti ya lita moja ina glukosi gramu 13.5 tu. Imetengenezwa kwa ajili ya mgonjwa wa kuhara, kwa hiyo usiihesabu kama chakula.

Tumbo nalo linafundishwa, kama miguu. Usianze na chupa ya vijiko vitano Jumamosi hii, utatapika tena. Anza na vijiko vitatu na nusu vya sukari kwa chupa, gramu 40 hivi, ongeza kama kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili. Kunywa mafunda mawili au matatu kila dakika 10 hadi 15, usingoje kuona tuta ndipo ukumbuke. (Na kwenye matuta ya kuingia vijijini, shika chupa au hakikisha kishikio kimekaza. Nimeshaona chupa nyingi zikiruka na kusagwa na lori pale pale, na aliyepoteza chupa saa ya tatu amepoteza chakula cha saa nzima.) Kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa na kutiwa chumvi, au tende tatu nne, zitakupumzisha na utamu wa chupa. Kashata za karanga ziache nyumbani, mafuta yake yanachelewa tumboni.

Lakini hata chupa nzuri haitapita ikiwa unaendesha kama ulivyoendesha, na hapa ndipo naomba unisikilize zaidi ya penginepo. Mapigo 158 kwenye baiskeli, wakati marathoni yako ni 162. Kwa watu wengi, kwa juhudi ile ile, mapigo ya baiskeli huwa chini ya ya kukimbia kwa mapigo 5 hadi 10. Kwa hiyo 158 juu ya baiskeli ni zaidi ya juhudi yako ya marathoni. Uliendesha marathoni yenye nguvu kwa saa nne, kisha ukashuka ukataka kukimbia. Damu yote ilikuwa kwenye mapaja na kwenye ngozi inayopoza mwili, tumbo likabaki na kidogo. Maji yakakaa pale pale ulipoyamwaga.

Panda baiskeli kwa mapigo 135 hadi 140. Utahisi unachelewa. Utapitwa na vijana wa baiskeli za mizigo karibu na Himo na itakuuma. Vumilia. Kipimo rahisi ni hiki: uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, hata kwenye mwinuko. Kwenye mwinuko shusha gia mapema, miguu izunguke haraka na kwa wepesi.

Tazama inavyokuwa kwa hesabu ya siku yenyewe. Kwa kasi yako ya Jumamosi ungemaliza kilomita 180 kwa saa 6 na robo. Kwa kasi ninayokuambia, tuseme kilomita 26 kwa saa, utatumia saa 6 na dakika 55. Umepoteza dakika 40. Lakini mtu aliyeishiwa kama ulivyoishiwa anatembea, na kutembea marathoni kwa kilomita 6 kwa saa ni saa 7. Mwenye miguu iliyotunzwa anaikimbia polepole kwa saa 4 na dakika 45. Gqeberha pia ina sifa ya upepo, kwa hiyo siku hiyo usitazame kasi kabisa. Ukipigana na upepo wa mbele ili namba ya kasi ibaki pale pale, utarudi kwenye 158 bila kujua. Tazama mapigo.

Kuhusu Kilimanjaro Marathon: inafanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ndani ya wiki zako muhimu kabisa. Najua ni ngumu kukaa pembeni siku mji mzima uko barabarani kuelekea uwanja wa Ushirika. Kimbia ile ya kilomita 21, kwa mwendo wa kuongea, Jumatatu uwe mzima. Ya 42 itakula wiki mbili za mazoezi ya baiskeli.

Hukuuliza kuhusu kuogelea, na hilo linanitia wasiwasi. Kwenye bwawa la mita 25, kilomita 3.8 ni urefu wa bwawa mara 152, na mashindano mengi ya umbali huu humtoa asiyemaliza ndani ya saa 2 na dakika 20. Ogelea mara tatu kwa wiki. Usishawishike na Ziwa Chala hata siku moja, mamba waliua mtu pale mwaka 2002. Nyumba ya Mungu nako kuna mamba na viboko. Tafuta wikendi mbili za kwenda Tanga, uingie baharini ukiwa na mwenzako na mtumbwi wa kuwafuata, ujifunze kuinua macho na kutafuta alama wakati mawimbi yanakupiga. Maji ya Gqeberha ni baridi kuliko ya Tanga, kwa hiyo azima suti ya mpira mapema na uizoee, inabana kifua.

Jumamosi hii toka saa 11 na nusu alfajiri, taa mbele na nyuma, kilomita 80 tu, mapigo yasizidi 140, chupa kama nilivyokuelekeza. Ukishuka, badilisha viatu na ukimbie dakika 20, si zaidi. Jipime kabla na baada ukiwa umejikausha jasho, bila nguo, kwenye mzani ule ule. Kisha niandikie uzito wote wawili, idadi ya chupa ulizomaliza, na kama tumbo lilikuwa kimya ulipokuwa unakimbia. Nikishapata hayo nitakupangia Jumamosi ya pili.