Mumbai mwezi wa Julai: mvua, bamvua na safari ya Haji Ali

SWALI: Mhariri, salaam. Julai nampeleka mama Mumbai kwa matibabu, na tumepata chumba Andheri kwa wiki tatu. Kila ninayemwambia ananitisha na mafuriko. Mama naye ana hamu moja tu nje ya hospitali, kuzuru Haji Ali, kaburi la walii lililo baharini. Itawezekana? Na treni zao tutaziweza?
Msomaji, Tanga

JIBU: Itawezekana, dada, na ninyi watu wa pwani mna elimu ambayo wageni wengi hawana: mnaijua bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kusi ndiyo inayopeleka mvua Mumbai kuanzia Juni hadi Septemba, na Julai ndiyo kilele chake. Lakini mvua peke yake haiufungi mji ule. Mumbai ilikuwa visiwa saba, mikondo ya katikati ikafukiwa, ndiyo maana mitaa mingi iko chini na mifereji yake humwaga baharini. Maji yakijaa, bahari huipita midomo ya mifereji. Mvua kubwa ikinyesha saa hizohizo haina pa kwenda, inabaki barabarani. Tarehe 26 Julai 2005 kituo cha hali ya hewa cha Santacruz kilipima milimita 944 kwa siku moja.

Basi kila asubuhi tazama mambo mawili pamoja: utabiri wa mvua na saa ya maji kujaa. Magazeti ya kule huyatoa yote. Kujaa kukizidi mita 4.5 na mvua kubwa imetangazwa, msiwe barabarani saa mbili kabla wala saa mbili baada. Siku za bamvua kilele huangukia kati ya saa sita na saa nane mchana, kwa hiyo usikisie kwa saa za Tanga. Kliniki ikiwa siku hiyo, fikeni mapema, kisha msubiri hukohuko mpaka maji yapwe. Pale Andheri, njia inayopita chini ya reli hujaa upesi. Mwambie dereva apite darajani.

Haji Ali iko baharini, na njia ya kuiendea ni ya miguu, karibu nusu kilomita, haina ukingo. Maji yakijaa inazama, na aliye ndani hukaa huko mpaka yapwe. Chagueni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na muingie yakiwa yanapwa. Alhamisi na Ijumaa watu husongamana mno kwa mgonjwa.

Kituo cha karibu ni Mahalaxmi. Treni za haraka hazisimami hapo, kwa hiyo kwenye ubao wa stesheni tafuta herufi S (slow, ya polepole), si F (fast, ya haraka). Kateni tiketi ya kwenda na kurudi mara moja, msije mkapanga foleni tena. Tiketi ya daraja la pili isikuingize la kwanza: faini ni rupia 250 juu ya nauli. Pandeni behewa la wanawake, baada ya saa tano asubuhi, na mrudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Treni husimama kama nusu dakika tu, kwa hiyo sogeeni mlangoni kituo kimoja kabla. Kurudi, shikeni inayoishia Andheri au Borivali. Ya Virar iacheni. Wanaokwenda mbali huziba mlango, mama akashindwa kushuka.

Toka Mahalaxmi chukueni teksi. Bajaji, mtakazoziona tele Andheri, haziruhusiwi kusini ya Bandra, mtaa ulio kati ya Andheri na Mahalaxmi.

La mwisho ndilo zito zaidi. Msikanyage maji ya mafuriko. Mifuniko ya mashimo ya maji machafu huweza kuwa imeondolewa, na huyaoni. Mkojo wa panya nao huleta homa ya mgunda, hasa mguu ukiwa na kidonda. Ikibidi mkayapita, oga kwa sabuni, kisha mwambie daktari ndani ya saa 72, maana kuna dawa ya kinga, naye ndiye wa kuamua kama inapatana na dawa za mama.