"Upside down": kabla hujaandika "juu chini", kitazame kitu chenyewe

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya kutafsiri, nilipewa karatasi ya maelekezo ya dawa ya sindano. Sentensi moja ilisema "hold the vial upside down". Nikaandika "shika kichupa juu chini", nikasonga mbele. Aliyepitia kazi ile alikuwa nesi wa miaka mingi. Aliniita, akaweka kichupa mezani na bomba la sindano kando yake, akasema, "Haya, fanya ulivyoandika."

Nikakishika kwa juu. Akatikisa kichwa. Nikakishika kwa mikono miwili, mmoja juu na mwingine chini. Akatikisa kichwa tena. Kisha akachoma sindano kwenye kifuniko cha mpira, akakipindua kichupa hadi mdomo ukaangalia chini na kitako kikawa juu. Dawa yote ikashukia mdomoni, ncha ya sindano ikazama ndani yake, akavuta taratibu bila kunyonya hewa. Maneno mawili ya Kiingereza, "upside down", yalikuwa na kazi hiyo yote ndani yake, nami nilikuwa nimeyapitia juujuu. Nikafuta, nikaandika: "Kipindue kichupa, mdomo uangalie chini na kitako kiwe juu."

Tangu siku hiyo, ninyi mnaoanza, hili ndilo ninalowaambia kwanza. Kiingereza hakijali ni kitu gani kimegeuzwa. Popo akining'inia, kikombe kikikaushwa, picha ikitundikwa vibaya, mtumbwi ukipigwa na wimbi, vyote ni "upside down". Kiswahili kinataka kujua: kitu hiki kichwa chake kiko wapi? Kina mdomo? Kina miguu?

Kiumbe chenye kichwa na miguu hakina shida, kiko kichwa chini miguu juu. Maneno manne, na hakuna atakayekosea. Msiyakate. Mkiandika "kichwa chini" peke yake, msomaji anamwona mtu aliyeinamisha kichwa kwa huzuni au aibu. Popo hana aibu yoyote.

Chombo cha kutilia kitu kina mdomo na kitako, kwa hiyo semeni mdomo umeangalia wapi. Vikombe vilivyopangwa mdomo chini vimewekwa kifudifudi, neno zuri sana, lakini lina mtego. Mtu aliyelala kifudifudi hajapinduka kichwa chini. Amelala uso ukiangalia chini, na Kiingereza chake ni "face down". Neno hilohilo, kwa kikombe ni "upside down", kwa mtu silo.

Mashua na gari hupinduka. Mashua iliyopinduka inaeleweka, lakini gari linaweza kupinduka likalala ubavu. Kama matini ya Kiingereza inasema gari lilikutwa "upside down", ongezeni "magurudumu juu". Katika ripoti ya ajali nyongeza hiyo ina uzito.

Sasa hilo "juu chini" lenyewe. Wengi hulikimbilia kwa sababu linafanana na maneno ya Kiingereza. Lina mahali pake: ukurasa uligeuzwa juu chini, hapo sawa. Lakini likikaa karibu na kitenzi kufanya, linabadilika kabisa. "Alifanya juu chini apate kazi" maana yake alijitahidi kwa kila njia. Mimi hulitumia kwa vitu bapa tu, karatasi, picha, bango, na hata hapo naangalia kitenzi kilichotangulia.

Kwa mnaoandika Kiingereza, sarufi ya "upside down" ni nyepesi. Likifuata kitenzi, huandikwa maneno mawili bila kistari: "the picture is hanging upside down". Likitangulia nomino, hupewa kistari: "an upside-down picture". Hukaa baada ya kinachogeuzwa, "turn it upside down", kamwe si "turn upside down it". Kitu kikiwa hakijageuzwa, Uingereza husema "the right way up", Marekani "right side up". Na msilikate vipande: "upside" peke yake ni uzuri wa jambo, "downside" ni ubaya wake, wala hayahusiani na kugeuza kitu. Kwa asili hata hiyo "side" haikuwamo. Katika karne ya 14 Waingereza waliandika "up so doun", juu kana kwamba ni chini, na ulimi wa watu ndio ulioigeuza baadaye.

Maana za mafumbo zinahitaji utulivu zaidi. Polisi waki-"turn the house upside down" hawajaing'oa nyumba. Wameipekua kila pembe na kuacha vitu shaghalabaghala. Ugonjwa ukigeuza maisha ya mtu hivyo, maisha yamevurugika. Biblia ya Kiingereza ya 1611, katika Matendo 17:6, inasema mitume waliugeuza ulimwengu "upside down"; watafsiri wa Kiswahili waliandika "walioupindua ulimwengu". Kitenzi kimoja, na nguvu yote imo. Naurudia mfano huo mara nyingi kwa sababu unaonyesha kwamba si lazima kielezi kitafsiriwe kwa kielezi. Halafu kuna Marekani, ambako mtu akiwa "upside down" kwenye mkopo wa gari, anadaiwa zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Hapo neno chini wala juu lisionekane kabisa. Semeni deni limezidi thamani.

Nimalizie na linalowasumbua wanaotafsiri programu za picha. Andikeni herufi ndogo p kwenye karatasi. Izungusheni karatasi nusu mzunguko ikiwa bado mezani: mnaona d. Irudisheni ilivyokuwa, kisha ipindueni kutoka juu kwenda chini kama mnaofunua kalenda ya ukutani, muisome kwa nyuma dhidi ya mwanga: mnaona b. Yote mawili Mwingereza anaweza kuyaita "upside down", lakini la kwanza limebadilisha na kulia kwa kushoto, la pili limebadilisha juu na chini tu. Mwaka 1961 husomeka vilevile ukigeuzwa, lakini kwa njia ya kwanza pekee. Kwa hiyo kitufe kimoja mimi hukiandika "zungusha nusu mzunguko" na kingine "pindua juu chini", na kabla ya kuandika hukibonyeza kila kimoja kwanza nikiwa na herufi p kwenye skrini.