Meno ya kahawia na jeli ya kung'arisha: kipi ni salama?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 24, nimezaliwa na kukulia Usa River, Arusha. Meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni. Nimeona mtandaoni jeli ya kung'arisha yenye haidrojeni peroksaidi asilimia 35. Rafiki yangu anasema niachane nayo, nitumie ndimu na unga wa mkaa kwa sababu ni vya asili. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba. Usifuate lolote kati ya hayo mawili.

Nianze na ndimu, maana ndiyo inayoharibu meno ya vijana wengi huku wakidhani wanayatunza. Tindikali yake huyeyusha enameli, lile gamba gumu la nje, kisha mkaa unakuja kukwangua kilicholainika. Enameli ikishaondoka haioti tena, na chini yake kuna tabaka la manjano. Kwa hiyo utazidi kuona meno yako si meupe.

Peroksaidi hufanya kazi kwa njia nyingine: hupenya ndani ya jino na kuvunja chembe za rangi. Ikitumiwa kwa kipimo sahihi haimalizi enameli. Usumbufu wa kawaida ni ganzi unapokunywa kitu baridi, na huisha siku chache baada ya kupumzika. Dawa ya meno yenye potasiamu naitreti husaidia. Lakini asilimia 35 ni ya kliniki, ambako fizi hukingwa kwanza. Ikigusa fizi bila kinga huiunguza, ikageuka nyeupe na kuuma. Ya nyumbani ambayo sisi huipendelea ni kabamaidi peroksaidi asilimia 10, ambayo hutoa takribani asilimia 3.5 tu ya haidrojeni peroksaidi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 6, tena chini ya usimamizi wa daktari wa meno, na si kwa walio chini ya miaka 18.

Sasa meno yako. Kwa mtu wa ukanda wa Mlima Meru, kama huko Usa River, ninachokishuku kwanza ni floraidi (madini yaliyomo kwenye maji) nyingi ya maji uliyokunywa meno yalipokuwa yakijengeka. Jeli inaweza kufifisha kahawia, ila mabaka meupe huweza kuonekana zaidi, hasa mwanzoni. Kama jino limechimbika, jeli pekee haitoshi; mara nyingi tunalifunika kwa kijazio cha rangi ya jino. Vijazio na kofia za meno (vifuniko bandia) havibadiliki rangi hata upake nini. Na kama ni jino moja tu lililogeuka jeusi, huenda limekufa ndani, hilo lina tiba yake.

Kwa hiyo tangulia kwa daktari, yaliyooza yazibwe, fizi zinazotoa damu zitibiwe, ndipo mzungumzie rangi. Ukiwa mjamzito, subiri hadi ujifungue na umalize kunyonyesha.

Na kama nyumbani kuna watoto walio chini ya miaka minane, wapewe maji ya mvua yaliyovunwa vizuri au ya chanzo kilichopimwa; Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi: maji hupungua, floraidi inabaki.