Je, kipimo cha shinikizo la damu kilikosea?

SWALI: Ndugu yangu alijikata akatokwa na damu nyingi, lakini kipimo cha kwanza kilionyesha shinikizo la kawaida, kisha likaporomoka ghafla. Je, kipimo kilikosea?

JIBU: Yaelekea hakikukosea. Katika kuta za aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) na za ateri kubwa za shingoni mna vipokezi vinavyohisi jinsi mshipa unavyotanuka. Damu ikipungua, vipokezi hivyo hupunguza ishara zake kwa ubongo, nao, katika muda wa sekunde chache, huuharakisha moyo na kuibana mishipa midogo ya ngozi na utumbo, ili damu iliyobaki ielekezwe kwanza kwenye moyo na ubongo wenyewe. Figo huchangia polepole zaidi, kwa kuzuia chumvi na maji. Hivyo mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza zaidi ya asilimia 15 ya damu yake na kipimo kisionyeshe lolote. Mimi huamini zaidi ngozi baridi yenye jasho, mapigo ya kasi na mkojo haba, kwa kuwa mshtuko wa mzunguko wa damu ni tishu kukosa oksijeni ya kutosha, na shinikizo huporomoka pale tu jitihada hizo zinaposhindwa. (Mshtuko unaotokana na maambukizi ni tofauti: mishipa hutanuka, na ngozi huweza kuwa na joto mwanzoni.)