Mwalimu Anajibu: Matanga, Klasta na Kijana Aliyevuka Busia

Barua za Septemba huwa nazijua kabla sijazifungua. Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, wamebakisha muhula mmoja mfupi, na wazazi ndio wanaoandika kwa mkono unaotetemeka. Mwezi huu nimechagua tano. Nyingine zinauliza mambo hayahaya, msinikasirikie.

Mwalimu, salamu kutoka Nyalenda hapa Kisumu. Binti yangu ni mtahiniwa, shule ya kutwa. Mimi niliishia darasa la nane, jioni nauza samaki wa kukaanga. Anasoma hadi saa nane usiku, asubuhi anaamka kichwa kinamuuma. Anachosoma sikielewi, kwa hiyo sijui nimsaidie vipi. Tena Jumamosi tuna matanga Ugenya, shangazi wa baba yake amefariki, na wazee wanasema lazima mtoto aonekane. — Mama Mtahiniwa

Pole kwa msiba, Mama. Matanga umeyaweka mwisho wa barua, lakini naona ndiyo yaliyokufanya ushike kalamu, basi tuanzie hapo.

Mimi ni wa hukuhuku, najua mtoto asipoonekana mazishini maneno yatakayosemwa. Lakini tazama wikendi yenyewe. Ijumaa jioni mko kwenye matatu. Usiku ni nyimbo na spika hadi alfajiri. Jumamosi mnazika, Jumapili mnasubiri gari la kurudi, na Jumatatu mtoto analala juu ya dawati. Miaka niliyokuwa nikisimamia ushauri nasaha shuleni, ruhusa za mazishi zilijaza daftari la mlinzi kuliko za malaria. Kama marehemu alimlea binti yako, aende, amwage machozi yake, arudi Jumamosi jioni hiyohiyo. Kama ni shangazi ambaye amewahi kumwona tu kwenye mazishi mengine, abaki. Wewe nenda umwakilishe, na wazee waambie ni uamuzi wa baba yake. Ila huyo baba umwambie mapema, asije akakuruka mbele ya ukoo.

Sasa usingizi. Saa nane usiku hakuna kinachoingia kichwani, anageuza kurasa tu. Azime taa saa tano, aamke saa kumi na moja wakati majirani bado wamelala na redio zao zimenyamaza. Maji yachotwe na wadogo zake hadi Novemba iishe. Na kichwa kinachouma kila asubuhi usikisingizie vitabu tu, mpeleke hospitali ya umma akapimwe macho. Wapo wanafunzi wanaofika Kidato cha Nne wakinakili ubao kutoka daftari la jirani, na hakuna anayejua kwamba hawaoni mbali.

Unasema huelewi anachosoma. Mama, hiyo ndiyo faida yako. Jioni ukikaanga, aketi karibu nawe, afunge kitabu, akueleze alichosoma leo kwa Kijaluo. Muulize kwa nini mafuta yanaruka samaki akiingia na maji. Akikwambia kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 nayo mafuta yamepita hapo mbali, kwa hiyo tone likizama linageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta, basi hiyo mada anayo. Akianza "eeh, yaani, ni kama..." mrudishe kitabuni, na usimcheke. Mwalimu wa tuisheni utamlipa, na hatakuwa na subira ya kuuliza "kwa nini" mara tatu kama mtu asiyejua jibu.

Mwisho, nunua sodo mapema, pakiti za kutosha Novemba nzima. Karatasi ya mtihani haisubiri.

Mwalimu, mimi ni mkulima wa viazi na mahindi Njoro. Kijana wangu alipata B kwenye mtihani wa majaribio na ni mtoto wa akili. Nataka asome udaktari, mjomba wake ameahidi kusaidia. Yeye anasema anataka kilimo, tena Egerton, hapo jirani! Nimelima maisha yangu yote ili yeye asilime. Mama yake yuko upande wake. Hatuongei mezani. — Baba wa Njoro

Baba, shikamoo jembe lako, kwa sababu ndilo lililomfikisha hapo.

Ugomvi wenu mmeuanza kabla ya wakati. Kijana hachagui kozi leo. Matokeo ya KCSE miaka hii hutoka Januari, halafu KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, hufungua mtandao wake na kila aliyehitimu anaomba mwenyewe, akiwa na gredi zake halisi mkononi. Kwa hiyo mnagombana juu ya B ya majaribio, ambayo mwezi wa kumi na moja inaweza kuwa B+ au C+. Mwacheni asome. Mezani zungumzieni bei ya viazi.

Lakini nikueleze jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Gredi ya wastani haimpeleki mtoto kwenye kozi. C+ inafungua geti la shahada tu. Ukishaingia unakutana na klasta, yaani kundi la masomo. Kila kozi ina masomo yake manne inayoyatazama. Udaktari unatazama Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, halafu lugha. Kila somo lina pointi 12 kwa A hadi 1 kwa E, ndiyo maana klasta kamili ni 48. Juu ya hayo wanaweka uzito wa jumla yake kwenye masomo saba, ambayo tangu KCSE ya 2023 ni Hisabati, lugha moja, na mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Ndiyo maana watoto wawili wenye B, dawati moja, mmoja anapata uhandisi na mwenzake anaukosa. Usijaribu kuikokotoa kwa kalamu nyuma ya bahasha. Kijana akiingia kwenye ukurasa wake wa KUCCPS ataziona klasta zake zote, na kando ya kila kozi ataona pointi za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka uliopita. Hapo ndipo mazungumzo yenu yawe, wote watatu mkitazama skrini moja.

Nikuambie ukweli bila kukuzungusha: nafasi za udaktari wa binadamu katika vyuo vya umma kwa kawaida huchukuliwa na wenye A na A-. Mwenye B akijaza udaktari mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu, amepoteza mistari mitatu, na huenda akajikuta kwenye kozi ambayo hata jina lake hamkuwahi kulisikia. Nimeona wasichana wakilia getini kwa sababu hiyo, na aliyekuwa amewajazia fomu ni baba.

Na kilimo, Baba, si jembe. Hapo Egerton palianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, pakawa chuo kikuu mwaka 1987, kwa hiyo hicho anachokitaka kijana ndicho wanachokijua zaidi. Kuna uchumi wa kilimo, uhandisi wa kilimo, teknolojia ya maziwa, kilimo cha bustani. Anayepima mbegu unazonunua, anayekagua maziwa kiwandani, afisa wa kaunti anayekuja kutazama viazi vyako vikinyauka, wote hao wamepita huko. Wewe umemwona afisa huyo akija na pikipiki na viatu safi, sivyo? Kama roho yako imeng'ang'ania neno "daktari", udaktari wa mifugo pia unafundishwa Egerton hiyohiyo. Mwulize kijana, bila sauti ya baba, anaionaje.

Kuhusu mjomba, ahadi yake iwe ya pesa, si ya kozi. Na mjue kwamba kupangiwa chuo si kulipiwa chuo. Ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huombwa kando, kwenye mtandao mwingine, na asiyeomba hapewi hata kama baba yake hana kitu. Andaeni mapema nakala za vitambulisho vyenu wazazi, na kijana awe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe.

Na saiba, hilo duka la intaneti mtakakojazia fomu! Msimwachie kijana wa saiba nywila aende nayo nyumbani. Ketini pale, mtazame kila msimbo wa kozi unavyoandikwa (kozi moja ina msimbo tofauti kwa kila chuo), chapisheni karatasi, ondokeni nayo. Nywila ibadilishwe siku hiyohiyo.

Mwalimu, niko Busia. Mwanangu alipata C kwenye KCSE, nikamvusha Uganda aendelee. Sasa yuko S6, yaani kidato cha sita, anafanya mtihani mwaka huu. Majirani wananicheka kwamba cheti cha ng'ambo hakina kazi Kenya. Ni kweli nimetupa karo? — Mama Busia

Hujatupa karo. Majirani wapuuze kidogo, lakini si kabisa.

Huko mwanao anafanya masomo makuu matatu, pamoja na General Paper, na hesabu ndogo au kompyuta. Lengo lake la chini kabisa ni kufaulu masomo makuu mawili katika mtihani huohuo mmoja. Bila hayo, mlango wa kuingia shahada moja kwa moja umefungwa pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo kama kuna somo kuu moja linalomsumbua, huu si wakati wa kutoa jasho lote hapo. Aimarishe mawili anayoyaweza, la tatu liwe ziada. General Paper nayo asiidharau. Ni insha na ufahamu, na watoto wetu waliotoka mfumo wa Kenya huifikia wakidhani ni mchezo.

Sasa upande wa majirani. KUCCPS inapanga watu kwa KCSE. Mwanao ataomba chuoni moja kwa moja, na hesabu ya karo ipigwe kama ya mtu anayejilipia. Cheti chake kitahitaji kulinganishwa rasmi na vya Kenya. Usisubiri matokeo, nenda au umtume mtu afisi ya usajili ya chuo mnachokitaka, iwe Maseno, Kibabii au Masinde Muliro, uulize wanakubali nini kwa kozi gani, na wakujibu kwa maandishi. Afisi zetu hubadilika maneno kulingana na aliyeketi dirishani. Kozi kama sheria na uuguzi zina vyombo vyake vya kusajili wataalamu, na hivyo vinaweza kurudi nyuma hadi kwenye KCSE, kwa hiyo hapo uliza mara mbili. Kama anapenda kusoma hukohuko, Busitema iko upande wa pili wa mpaka, ni chuo cha umma.

Kwa wengine wenye mtoto wa C wanaofikiria kuvuka: fikirieni pia stashahada. C- inatosha kwa nyingi, na Kisumu National Polytechnic haihitaji nauli ya mpakani. Anayetaka shahada anapandia hapo.

Mwalimu, kuna mtu hapa Kakamega anasema ana karatasi za mtihani za kweli, anazituma kwa Telegram usiku kabla. Wazazi kumi tunachanga. Ni salama? — Mzazi

Hapana. Karatasi hizo huwa ni za miaka ya nyuma zilizobadilishwa tarehe, na aliyezituma atazima simu. Na kama kwa bahati mbaya zingekuwa za kweli, ingekuwa vibaya zaidi: ni kosa la jinai chini ya sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012, na matokeo ya mtoto hufutwa, mara nyingine pamoja na ya wenzake wasiohusika. Chukua pesa uliyotaka kuchanga, nunua kitabu cha mitihani ya zamani. Hao tisa wengine waonyeshe jibu hili.

Mwalimu, mimi mwenyewe ni mtahiniwa, Kisumu. Hesabu nazijua nikiwa nyumbani lakini nikiona karatasi zote zinanitoka. Mama anasema nimerogwa. — Msichana wa Manyatta

Hujarogwa, mwanangu. Unaanza na swali la kwanza, linakukwama, unabaki hapo dakika ishirini moyo ukienda mbio.

Karatasi ya Hisabati unaijua ilivyo, basi itumie. Sehemu ya kwanza ina maswali 16, yote ya lazima, jumla alama 50. Sehemu ya pili ina maswali 8, unachagua 5, kila moja alama 10. Una saa mbili na nusu. Ukipewa karatasi, usiandike chochote kwanza. Pitia sehemu ya kwanza yote na uweke alama ndogo ya kalamu penye maswali ambayo ungeweza kuyafanya hata ukiwa na usingizi. Huwa yapo sita au saba. Fanya hayo kwanza, kwa mpangilio wowote. Mkono ukishazoea kuandika, kichwa hufuata. Swali likikukatalia, acha nafasi, songa mbele.

Andika kila hatua. Mtahini anatoa alama za njia hata jibu la mwisho likikosea, lakini hawezi kukupa alama ya kitu ulichokifikiria tu.

Kila Jumamosi kuanzia sasa, kaa na karatasi moja ya zamani kwa saa mbili na nusu kamili, simu iwe kwa mama yako, mlango umefungwa. Mama naye awe ndiye mtunza saa, atakuwa na kazi nyingine zaidi ya kutafuta mganga. Na ukikague kikokotoo chako wiki hii, betri zake ni za lini?