Jibu: Programu inayokufa ukifunga dirisha, ikabidhi kwa systemd

Mkuu, umesema programu yako ya Python inakata kila ukifunga dirisha la SSH (la kuingia kwenye mashine ukiwa mbali), na nohup, amri ya kuiacha programu iendelee ukitoka, ilikusaidia mpaka umeme ulipokatika. Mimi yalinikuta hayo hayo, kwenye ghala la korosho Tandahimba.

Tulikuwa na kompyuta ndogo ya Linux, mizani imechomekwa kwa waya wa USB, programu yangu inasoma uzito na kuutunza. Usiku umeme ukakatika, ukarudi alfajiri. Kompyuta ikawaka, programu haikuwaka, maana mwashaji wake ni mimi na nilikuwa Mtwara mjini. Karani akapandisha gunia la kwanza, skrini tupu. Akashusha, akapandisha tena. Tupu. Mkulima kasimama hapo anatazama jasho lake la mwaka mzima. Iliniuma sana.

Siku hiyo hiyo nikaikabidhi kwa systemd, msimamizi wa Linux anayewasha programu mashine ikiwaka: nikaandika faili /etc/systemd/system/mizani.service. Kazi kubwa iko sehemu ya Service. ExecStart, yaani amri ya kuwasha programu, ipe njia kamili, /usr/bin/python3 /opt/mizani/soma.py, kwa sababu systemd haisomi .bashrc yako, faili la mipangilio ya terminal. User= iwe mtumiaji wa kawaida, siyo root, mwenye mamlaka yote; kwenye Debian na Ubuntu mwingize kundi la dialout, lenye ruhusa ya vifaa kama hivyo vya waya, la sivyo mizani itamkatalia. Sehemu ya Install andika WantedBy=multi-user.target, ili iwake pamoja na mashine. Kisha sudo systemctl daemon-reload, isome faili jipya, halafu sudo systemctl enable --now mizani. Alama ya & mwishoni mwa ExecStart, ile ya kupeleka programu nyuma, usiiweke kabisa.

Kilichonitesa ni Restart. Niliandika Restart=on-failure, yaani iwashwe tena ikianguka, nikaridhika. Kumbe mashine ikiwaka, mizani inachelewa sekunde kadhaa kuonekana. Programu inaanguka, systemd inaiinua baada ya milisekunde 100, inaanguka tena. Ikishawashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, systemd inasusa, inaiacha imelala. Nikaongeza RestartSec=10, isubiri sekunde 10 kabla ya kuiinua tena. Kwa mwendo huo haiwezi kufikisha hizo mara 5, itaendelea kujaribu mpaka mizani iitike.

Ikigoma, usikisie: journalctl -u mizani -f, inayoonyesha kumbukumbu za programu, itakwambia. Maandishi ya print yakichelewa kutokea, ni Python imeyashikilia; ongeza Environment=PYTHONUNBUFFERED=1.

Na usitosheke na systemctl status kuonyesha kijani. Izime mashine, iwashe, kaa pembeni bila kugusa kitu, mwache karani apandishe gunia.